Kiingereza cha Dada Tabea

Mbuzi ndiye aliyemfumbua macho Mwalimu Aminieli. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwezi wa Mei, mwaka wa arobaini na tisa, na mvua ilikuwa imepumzika kidogo kule Akeri. Mwalimu alikuwa amekaa nje ya nyumba ya baba yake, anasahihisha madaftari ya darasa la nne, mara akamsikia dada yake Tabea akifoka huko nyuma kwenye migomba. Hakufoka kwa Kimeru, wala kwa Kiswahili.

"Get down! Get off it! Go on, clear off!"

Na mbuzi, aliyekuwa amepandisha miguu ya mbele kwenye mgomba mchanga anatafuna jani, akashuka akaenda zake.

Aminieli aliweka kalamu chini. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza mwaka wa sita sasa katika shule ya misheni, na cheti chake kilikuwa kimetundikwa ukutani ndani ya kioo. Maneno aliyoyasikia yalikuwa madogo mno, maneno ya darasa la tatu: *get, go, down, off*. Lakini yalivyopangwa, yeye mwenye cheti alibaki anayafikiria, na mbuzi asiye na cheti alikuwa ameshaelewa. Jambo hilo lilimchoma, na papo hapo likamwashia hamu ya kujua. Aminieli alikuwa mtu wa namna hiyo tangu utotoni: akikutana na kitu asichokijua, chakula hakishuki.

Tabea alikuwa amerudi nyumbani miezi miwili tu. Kwa miaka mitano alikuwa yaya mjini Arusha, nyumbani kwa Bwana Shauri, yule Mwingereza wa ofisi ya wilaya aliyesikiliza mabaraza ya upande wa Meru. Mwezi wa Februari Memsabu wake alikufa kwa homa. Mwezi wa Machi mtoto wao, Robin, alipelekwa Ulaya kwa bibi yake. Nyumba isiyo na mtoto haihitaji yaya, kwa hiyo Tabea alipewa barua ya shukrani, akabeba sanduku lake, akapanda mlima. Kesho yake alishika jembe, na hakuna aliyemuuliza mengi. Alisoma darasa la pili tu. Hakuna aliyefikiri kwamba mtu kama huyo angekuwa na kitu cha kumfundisha mwalimu, na mwalimu mwenyewe alikuwa wa kwanza kutofikiri.

Na mwalimu alihitaji kufundishwa, tena haraka.

Mambo yalikuwa hivi. Baba yao, mzee Sadoki, alikuwa msemaji wa mfereji. Maji ya ukoo mzima, ya kahawa na ya migomba, yalitoka mtoni juu yakishuka kwa mfereji uliochimbwa na babu zake. Mwaka juzi maji yalipungua, na wazee wakapeleka shauri barazani. Sadoki alisimama akasema karibu nusu saa: nani alichimba, kila boma lina siku ngapi za maji, wapi udongo umeporomoka, nani amehamisha mawe. Alisema kwa Kimeru kizuri, kwa mpangilio, kama anavyosema mtu anayejua kwamba maneno yake yanapimwa. Alipomaliza, mkalimani Philemoni alimgeukia Bwana Shauri na kusema kwa Kiingereza kwamba mzee anataka maji. Basi.

Sadoki hakujua Kiingereza, lakini hakuwa mjinga. "Mimi nimesema tangu jua likiwa pale," aliwaambia watoto wake jioni ile, "yeye amekohoa mara moja, amemaliza. Maneno yangu mengine ameyaweka wapi?"

Philemoni alikuwa anastaafu. Nafasi yake ilitangazwa, na Aminieli alikwenda kufanya mtihani, Agosti iliyopita. Kimeru chake kilipita, Kiswahili kilipita. Kilichomwangusha ni mazungumzo na Bwana Shauri mwenyewe. Alipoulizwa amefikaje mjini, alijibu kwamba amesafiri kwa miguu na kutokwa na jasho kwa wingi mkubwa, kwa maneno marefu yaliyonyooka, yale yanayoandikwa kwenye sheria na kwenye mawe ya makaburi. Bwana Shauri alimsikiliza kwa adabu. Mwisho akamwambia, "Mwalimu, Kiingereza chako hakina kosa hata moja. Lakini hakuna mtu anayezungumza hivyo. Mzee akilia barazani, wewe utanisomea gazeti la serikali."

Nafasi ilibaki wazi mwaka mzima. Agosti hii kungekuwa na mtihani wa mwisho, na mtu asipopatikana angeletwa mkalimani kutoka pwani, asiyejua hata salamu ya Kimeru. Maneno ya wazee yangepita kwenye machujio mawili badala ya moja. Sadoki hakumlazimisha mwanawe. Alimwambia tu, "Nenda tena." Kwa mtoto wa Kimeru hiyo inatosha kumnyima usingizi.

Kwa hiyo asubuhi ile ya mbuzi Aminieli alifunga madaftari, akazunguka nyuma ya nyumba.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Si tulishasalimiana leo?"

"Nimekuja kwa shida nyingine. Yale uliyomwambia mbuzi. Umeyatoa wapi?"

Tabea alifuta mikono kwenye kanga. "Yale? Ndivyo Memsabu alivyomwambia Robin akipanda juu ya meza."

"Nifundishe."

Dada yake alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani, kisha akacheka mpaka akashika kiuno. Alikuwa na haki ya kucheka. Huyu ndiye mdogo wake aliyekuwa akimsahihisha kila alipokuja likizo, akimwambia kwamba Kiingereza cha jikoni si Kiingereza. Alicheka vya kutosha, halafu akampa jembe la pili, na somo la kwanza likafanyika wakipalilia.

Ilikuwa furaha, lazima isemwe. Aminieli alinunua daftari jipya na kila Jumamosi alilijaza. Aligundua kwamba Waingereza nyumbani kwao wana maneno machache kabisa, labda ishirini, na wanayafanyisha kazi zote kwa kuyabandika vipande vidogo: *up, down, off, out*. Anayevaa ana-*put on*, anayevua ana-*take off*, anayevumilia ana-*put up with*, na yale maneno marefu aliyoyakariri kwa fimbo ya mmisionari yako kabatini, yanatolewa siku ya wageni. Mbona hakuna aliyemwambia? Alikasirika wiki nzima.

Kilichomsumbua kuliko vyote ni *up*. Waingereza walikuwa wanapandisha kila kitu.

"Kwa nini *drink up*?" aliuliza. "Chai inashuka tumboni, haipandi."

"Usiulize kwa nini. Memsabu hakuuliza kwa nini."

"Lazima kuna kanuni." Akafikiri, jembe likiwa begani. "*Drink up*, kunywa yote. *Eat up*, kula yote. Basi *up* ni kumaliza!"

"Na *get up*?"

"Kumaliza kulala."

"Na *give up*?"

"Kumaliza kujaribu. Umeona? Nimeipata!"

"Haya, mwalimu. Na *bring up*? Memsabu alikuwa akiwaambia wageni kwamba mimi ndiye niliyem-*bring up* Robin."

"Kumaliza kumleta?"

"Kumlea." Tabea aliinama akang'oa gugu moja kwa mkono. "Na sikumaliza. Walimchukua kabla."

Aminieli aliandika *kulea* kwenye daftari lake, akauliza neno linalofuata.

Katika maneno yote, moja alilipenda kuliko mengine. Tabea alimwambia kwamba mtu akiwa amevunjika moyo, Memsabu alimsogezea kikombe na kumwambia, "*Come along. Drink up, then buck up.*" Maliza chai kwanza, halafu jikaze. Alimwambia hivyo Robin akianguka kwenye baiskeli. Alimwambia hivyo Bwana barua mbaya zikitoka Ulaya. Alimwambia hivyo hata Tabea, mwaka ule alipopata habari kwamba mama yao amefariki. Aminieli aliona hekima ndani yake. Hata Wameru hawampi mtu maneno ya faraja tumbo likiwa tupu. Alilipigia mstari mara mbili.

Mwezi wa Julai alikwenda mjini kununua chaki, akaingia dukani kwa Vinod, ambaye familia yake iliuza vitabu na vitambaa tangu enzi ya Mjerumani. Vinod alikuwa ameshika tama. Mzigo wake ulikuwa umekwama Tanga wiki ya tatu, na glasi ya chai ilikuwa mbele yake haijaguswa. Aminieli aliona nafasi yake imekuja.

"Come along, Mr Vinod," alisema. "Drink up, then buck up."

Vinod alimtazama, akaitazama glasi, akainywa yote. Kisha uso ukamfunguka. "Mwalimu, leo umekuwa mama yangu?"

"Ndivyo Waingereza wanavyosema."

"Wanaokuja hapa dukani hawasemi hivyo hata siku moja."

"Kwa kuwa dukani wana haraka."

"Labda," alisema Vinod, lakini hakuonekana kukubali. "Ila ni maneno mazuri. Nimejisikia nafuu."

Mtu mwingine angesimama hapo na kujiuliza kidogo. Aminieli, ambaye aliuliza kuhusu kila kitu, hilo hakuliuliza. Alilipia chaki zake akarudi Akeri akipiga mluzi.

Siku ya mtihani alitoka alfajiri, akapata lori Tengeru, na saa tatu alikuwa ofisini. Karani Nazir, aliyekuwa akipiga taipu kwenye meza ya pembeni, alimwonyesha kiti kwa kidevu. Bwana Shauri alikuwa amekonda. Kola ya shati ilikuwa inampwaya shingoni, na kwenye meza yake kulikuwa na kikombe cha chai kilichoshika utando.

Aliuliza swali lilelile la mwaka jana: amefikaje? Safari hii Aminieli hakutumia neno lolote la mawe ya makaburi. Alisema aliamka, akaondoka, lori likamchukua, likamshusha sokoni, na kila kitendo alikipa kipande chake kidogo mahali pake. Bwana Shauri aliinua macho kutoka kwenye karatasi. Akauliza habari za shule. Akauliza habari za kahawa. Mazungumzo yakaenda yenyewe, na mara mbili Bwana Shauri alicheka, kicheko kifupi cha mtu ambaye amekaa siku nyingi bila kukitumia. Nazir alipunguza mwendo wa taipu ili asikie.

"Na kwa nini unaitaka kazi hii?"

Aminieli alimweleza habari za baba yake na ile nusu saa. Alisema kwamba mzee alipanga kila neno, na maneno yakaachwa njiani, lakini mzee hakuwa mtu wa kukata tamaa, na angesimama tena barazani kama kungekuwa na mtu wa kuyavusha. Alisema kwa moyo wake wote, tena kwa urahisi hata yeye alishangaa.

Bwana Shauri aliitikia kwa kichwa. Alijipangusa uso kwa viganja viwili. "Ni kazi nzito hii," alisema kwa sauti ya chini, karibu anajisemea. "Siku nyingine hata mimi sijui kwa nini nakuja hapa asubuhi."

Ilimpata Aminieli huruma ya kweli. Hakuwa anafanya mtihani tena. Alikuwa mbele ya mtu mzima aliyechoka, na alijua, ndivyo alivyoamini, neno ambalo Mwingereza yeyote angelisema hapo. Alikisogeza kile kikombe taratibu mpaka karibu na mkono wa Bwana Shauri.

"Come along, sir," alisema. "Drink up, then buck up."

Taipu ilinyamaza. Bwana Shauri alikitazama kikombe. Kisha akainuka akaenda dirishani, akawapa mgongo. Mabega yake yalipanda na kushuka. Nazir alimtolea Aminieli macho: umefanya nini wewe?

"Nani amekufundisha hayo?" aliuliza Bwana Shauri, bado anatazama nje. Aliuliza kwa Kiswahili.

"Ni maneno ya Waingereza, Bwana. Ya kumtia mtu moyo."

"Hapana. Nimezaliwa Uingereza, nimekulia huko. Hakuna Mwingereza anayesema hivyo. Alikuwa mmoja tu."

Ndipo Aminieli alipoelewa, na aliona aibu iliyomshuka mpaka miguuni. Miezi mitatu alikuwa akijaza daftari akidhani anaandika lugha ya taifa zima. Kumbe alikuwa ananakili nyumba moja. Alikuwa amemletea mjane sauti ya marehemu mkewe, akaiweka mezani pamoja na chai.

"Nisamehe, Bwana. Tabea ni dada yangu. Mimi nilimwomba anifundishe. Yeye hana kosa."

"Tabea," alisema Bwana Shauri.

Alirudi mezani akaketi. Macho yake yalikuwa mekundu na hakujishughulisha kuyaficha. Alikishika kikombe, chai imepoa na utando wake, akainywa mpaka chini, akakirudisha kwenye kisahani. Baada ya hapo sauti yake ilikuwa ya ofisini.

"Baraza la mifereji litakaa Jumatatu ya wiki ijayo. Utaanza hapo. Nazir ataandika barua yako." Alinyoosha karatasi zilizokuwa zimeshanyooka. "Nataka nusu saa yote ya baba yako. Usinipunguzie."

Aminieli alishukuru, akainuka. Alikuwa ameshafika mlangoni alipoitwa.

"Mwalimu. Tabea alimuuguza mke wangu siku kumi na moja. Yeye ndiye aliyekuwa ameshika mkono wake, mimi nilikuwa safarini Mbulu. Nikampa barua ya shukrani iliyopigwa taipu." Bwana Shauri alitafuta neno kwa Kiingereza, midomo ikachezacheza, asilipate. Akalichukua kwa Kiswahili. "Mwambie pole. Mwambie pole sana kwa msiba."

Njiani kutoka mjini mpaka Tengeru Aminieli alikuwa mtu mwenye furaha, hatudanganyi. Alipata kazi. Alimkuta Sadoki kwenye kahawa, akampa habari, na mzee akavua kofia, akashukuru Mungu, akaanza palepale kuhesabu kwa vidole mambo ambayo safari hii hatayasahau. Kisha Aminieli akashuka mferejini, ambako Tabea alikuwa anaosha magimbi.

"Umepita?"

"Nimepita!"

Tabea alipiga makofi, maji yakaruka. "Nilijua! Nilimwambia Baba tangu juzi. Alikuuliza nini? Hukukwama?"

"Sikukwama. Dada, Bwana amekutumia neno."

"Mimi? Neno gani?"

"Amesema pole. Amesema nikwambie pole sana kwa msiba."

Tabea aliendelea kusugua gimbi. Alilisugua mpaka udongo wote ukatoka, akaendelea kulisugua. Kisha mikono ikasimama ndani ya maji.

"Miezi sita," alisema.

"Ndiyo."

"Yeye ndiye wa kwanza." Hakuwa na hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Siku ya mazishi mlishuka wote. Baba, wazee wa kanisa, wewe na watoto wa shule yako. Mlipanga mstari kumpa Bwana mkono. Mimi nilikuwa nimesimama pale getini, nimemshika Robin. Mlinipita."

Aminieli alikumbuka. Alimkumbuka dada yake pale getini, nguo nyeusi, mtoto mzungu akiwa ameficha uso tumboni mwake. Alikumbuka hata alichomwambia. Alimwambia shikamoo, akasogea mbele, kwa sababu mstari ulikuwa mrefu na alitaka Bwana Shauri aone kwamba amekuja. Halafu akakaa naye miezi mitatu kwenye migomba, akimuuliza neno moja baada ya jingine, *up* ni nini, *off* ni nini, na kila neno alilompa alikuwa analitoa kaburini. Mtu aliyeuliza kila kitu. Hilo hakuliuliza.

"Memsabu alikuwa anapenda nimchane nywele," alisema Tabea. "Nyumba nzima tulikuwa tunacheka. Nilipofika hapa mkaniambia, haya, kazi imekwisha, jembe lile pale."

Aminieli alikaa kwenye majani mabichi kando yake, na suruali yake ya mtihani.

"Pole, dada," alisema, kwa Kimeru, kama anavyoambiwa mfiwa. "Pole sana. Umefiwa, na mimi sikukuona."

Tabea alifunika uso kwa mikono iliyolowa, akalia kwa sauti, kilio cha matanga kilichochelewa, mpaka Sadoki akashuka kutoka kwenye kahawa kuuliza nani amekufa. Aminieli alimwambia. Mzee akavua kofia kwa mara ya pili siku ile, akaketi upande wa pili wa binti yake. Magimbi yalikuwa bado nusu kapu. Aminieli alikunja mikono ya shati, akaanza kuyaosha.